Mashine moja, mitetemo miwili: upime uthabiti kwa njia ipi?

Mashine yenyewe ni ya kupasua mise, yaani kokwa za michikichi, iko nje kidogo ya Ujiji, Kigoma: injini ya dizeli ya silinda moja, mkanda, puli mbili, ngoma ya kupasulia, na fremu ya chuma iliyokalia raba nne. Mwenye mashine, mzee asiyependa maneno mengi, alinipigia simu asubuhi.

“Kijana wangu, njoo uone. Spidi ni ile ile, mise ni zile zile, lakini leo ina wazimu.”

Nilikuta fremu inaruka kiasi kwamba ndoo iliyoachwa juu yake ilikuwa inatembea yenyewe kuelekea ukingoni.

“Shikamoo, mzee. Imeanza saa ngapi?”

“Marahaba. Tangu ilipowaka. Ilikuwa nzito kuwaka, hopa tuliiacha imejaa jana.”

Akazima. Nikazungukia nati zote kwa spana, zote zilikuwa zimekaza. Tukamwaga hopa, akawasha tena, akairudisha kwenye spidi yake ya kila siku. Ikatulia. Nikaweka kikombe cha chai juu ya fremu, chai haikumwagika. Mzee akanitazama kana kwamba nimemtoa shetani.

Hapakuwa na shetani. Kwa spidi ile ile, mashine ile ina namna mbili za kutetemeka, na zote mbili ni thabiti: ikiwa katika mojawapo ukaisukuma kidogo, inarudi pale pale. Utaipata ipi, inategemea umeanzaje. Hali hii, ya majawabu mawili au zaidi kukaa pamoja kwenye mashine moja, hutokea mahali pengi ambapo nguvu haikui sawia na mwendo: raba inayokuwa ngumu kadiri inavyobanwa, behewa ambalo ukingo wa gurudumu lake hugonga reli, boti inayoinama kuliko kawaida yake.

Swali linalofuata ndilo gumu, na ndilo mafundi wenzangu na vijana wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo hunisumbua nalo: nitajuaje jawabu lipi ni imara kuliko lenzake, na nipime kwa njia gani? Njia zipo kadhaa, na vitabu huzipanga kana kwamba zinafanya kazi moja. Mimi nimeshachoka kuona kijana anakesha na hesabu ya kurasa nane kwa swali ambalo lilihitaji teke moja, au kinyume chake. Kwa hiyo naziweka hapa bega kwa bega.

Mfano wa kushika mkononi

Tuchukue mlinganyo ambao mhandisi Mjerumani Georg Duffing aliuchambua kwenye kitabu chake cha 1918, kwa namba nilizochagua mimi:

x'' + 0.1x' + x + x³ = 0.2 cos(Ωt)

Hapa x ni umbali ambao fremu imesogea kutoka mahali pake pa kupumzikia. Ile 0.1 ni uwezo wa raba kumeza mtetemo. x + x³ ni ugumu wa raba, unaopanda inapobanwa. Upande wa kulia ni msukumo wa ngoma isiyokaa sawa kwenye mizani yake, inayozunguka kwa spidi Ω. Spidi 1 ndiyo ambayo fremu ingejichezea yenyewe ukiigusa kidogo na kuiachia. (Kwenye mashine halisi msukumo wa namna hiyo huongezeka pamoja na spidi, nimeushika usibadilike ili hesabu itoshe kwenye karatasi moja.)

Weka Ω = 1.3, ukadirie kwamba fremu inafuata mdundo wa ngoma. Unapata majawabu matatu, yenye upana wa mtetemo wa karibu 0.32, 0.80 na 1.05. Lile la katikati si thabiti, hutaliona kwenye mashine hata siku moja. Mawili ya pembeni ni thabiti: ndoo inayotembea ni 1.05, chai isiyomwagika ni 0.32. Yote matatu yapo kuanzia spidi ya karibu 1.25 hadi karibu 1.5. Chini kidogo ya dirisha hilo limebaki kubwa peke yake, juu yake limebaki dogo peke yake.

Asubuhi ya mzee sasa inaeleweka. Injini ikipanda spidi polepole, fremu hukua pamoja na jawabu kubwa na kuingia nalo dirishani. Ikipanda haraka, fremu haipati muda wa kukua, inatua kwenye dogo. Hopa iliyojaa iliifanya injini iamke kwa uvivu. Mwanafizikia Mjerumani Arnold Sommerfeld alishaonyesha mwaka 1902 kwamba mota dhaifu juu ya meza inayonesa inaweza hata kunasa kwenye spidi ya mtikiso na isipande tena, kwa kuwa nguvu inayoongezewa inaishia kuitikisa meza.

Kwanza, bonde

Mvua ikinyesha mkoani Tabora, tone linaloangukia upande wa Urambo huishia mto Malagarasi, na kutoka hapo Ziwa Tanganyika. Tone linaloangukia Igunga huingia Wembere, likaelekea Ziwa Kitangiri na Eyasi, ambako halitaiona Kigoma kamwe. Kati ya pande hizo mbili upo mgongo wa ardhi unaogawa maji, na mahali pengine ni tambarare kiasi kwamba ukipita kwa basi huujui.

Jawabu thabiti ni ziwa. Bonde lake ni mahali pote pa kuanzia ambapo maji huishia humo. Jawabu lisilo thabiti, lile la 0.80, limekaa juu ya mgongo. Kwa mashine yetu, “mahali pa kuanzia” ni vitu viwili kwa pamoja, fremu iko wapi na inakwenda kwa kasi gani, ngoma ikiwa kwenye pembe fulani. Ukiielewa picha hii, tofauti ya njia zote zinazofuata unaiona bila kuhangaika: moja inapima mteremko wa kingo za ziwa hatua moja kutoka majini, nyingine inachora bonde zima, nyingine inakadiria eneo lake, na nyingine inamwaga ndoo ya maji na kungoja.

Floquet: mizani ya sonara

Hii ndiyo inayofundishwa kwanza, na ni haki yake. Unalichukua jawabu, unalisukuma kidogo sana, unatazama msukumo umebaki kiasi gani baada ya mzunguko mmoja wa ngoma. Msingi wake uliwekwa na Mfaransa Gaston Floquet mwaka 1883, na nadharia ya uthabiti kwa upana wake ikajengwa na Mrusi Aleksandr Lyapunov kwenye tasnifu yake ya 1892. Unachopata ni namba ziitwazo vizidisho. Vyote vikiwa na ukubwa chini ya 1, jawabu ni thabiti. Kimoja kikivuka 1, limekwisha.

Uzuri wake ni mkubwa. Hesabu ni nyepesi hata kwa mfumo wenye viungo vingi. Tena haikuambii tu kwamba jawabu linakufa, inakuambia linakufaje: kizidisho kikitokea kwenye +1 tegemea kuruka kwa ghafla, kikitokea kwenye −1 tegemea mtetemo unaojirudia kila baada ya mizunguko miwili badala ya mmoja, jozi ikitoka kwa pamoja tegemea mdundo mwingine juu ya ule wa kwanza. Programu kama AUTO na MATCONT hulifuata jawabu hatua kwa hatua spidi inapobadilika, na huchora hata lile lisilo thabiti, ambalo hakuna jaribio la kawaida litakuonyesha.

Sasa tazama inavyojibu swali la mzee. Kwenye mfumo kama wetu, vizidisho ni viwili, na ukivizidisha unapata namba inayotokana na raba peke yake: e kwa kipeo cha −0.1 × 2π/1.3, yaani 0.617. Kwa jawabu dogo, vizidisho ni jozi ya namba changamano (zenye sehemu halisi na sehemu ya kubuni) zenye ukubwa sawa, kwa hiyo ukubwa wa kila kimoja ni kipeuo cha pili cha 0.617, ambacho ni 0.785. Kwa jawabu kubwa, vizidisho ni jozi ya namba changamano pia. Ukubwa wake? 0.785.

Rudia kusoma hapo kama umepita haraka. Mtetemo wa kutembeza ndoo na mtetemo wa kutomwaga chai wamepewa alama sawasawa, hadi tarakimu ya mwisho. Bonde la mmoja linaweza kuwa uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika na la mwingine ukubwa wa jamvi, Floquet haoni, kwa sababu hakutoka nje ya ufukwe. Kibaya zaidi, sogeza spidi kuelekea 1.5. Mgongo unalikaribia jawabu kubwa, bonde lake linasinyaa, na muda wote huo ukubwa wa vizidisho unabaki kati ya 0.79 na 0.81. Ni karibu kabisa na ukingo ndipo vinapoachana na kimoja kukimbilia 1. Mtu anayengoja onyo la Floquet atalipata akiwa ameshaanguka.

Sisemi tuitupe. Sonara hapimi magunia ya mkaa kwenye mizani yake, na hakuna anayemlaumu.

Ramani ya bonde zima

Gawa eneo la kuanzia kwenye vijisanduku, tuseme 200 kwa 200. Anzisha mashine ya kwenye kompyuta kutoka kila kisanduku, iache izunguke mpaka itulie, kipake kisanduku rangi ya jawabu kilikoishia. Hayo ni majaribio 40,000. Kila moja likichukua sehemu moja ya kumi ya sekunde, umemaliza kwa saa moja na dakika saba hivi.

Ukiona ramani ya Duffing kwa mara ya kwanza unashangaa. Badala ya nusu nyekundu na nusu bluu, ni mikanda inayojikunja na kupishana kama ukili kwenye mkeka, mipana karibu na jawabu na myembamba kadiri unavyokwenda mbali. Maana yake kwa fundi ni nzito: msukumo wa kati unaweza kukupeleka kwenye jawabu kubwa, na mkubwa zaidi ukakurudisha kwenye dogo. Kauli ya “ukisukuma zaidi ya hapa unaanguka” mara nyingi si ya kweli.

Ramani pia ndiyo inayokupa kipimo ninachokipenda kuliko vyote: chora duara kubwa kabisa lililozunguka jawabu bila kugusa rangi nyingine. Nusu kipenyo chake ni akiba yako ya usalama. J. M. T. Thompson na wenzake wa London, mwishoni mwa miaka ya 1980, walitumia ramani za namna hii kueleza kupinduka kwa meli, na walichokuta kinapaswa kubandikwa ukutani kwenye kila karakana. Msukumo wa mawimbi ukiongezeka, jawabu salama hubaki thabiti kabisa kwa kipimo cha Floquet, lakini bonde lake huanza kutafunwa na vidole vya rangi nyingine vinavyopenya hadi ndani. Eneo salama haliishi taratibu. Linakaa karibu lile lile, halafu linaporomoka kama genge, kwenye msukumo mdogo sana kuliko ule unaoliua jawabu lenyewe.

Tatizo ni bei. Ramani ni mali ya mifumo yenye vipimo viwili, yaani namba mbili za kuelezea pa kuanzia: mahali na kasi. Fremu ya mzee haichezi juu na chini tu, inainama pia, na hapo vipimo vimekuwa vinne. Hata ukipunguza hadi visanduku 50 kila upande, ni majaribio 6,250,000; kwa kasi ile ile hiyo ni wiki nzima na zaidi, kompyuta ikiwaka usiku na mchana. Ongeza kusogea pembeni, vipimo sita, inakuwa zaidi ya bilioni 15. Mhandisi C. S. Hsu alibuni mwaka 1980 namna ya kufuatilia kisanduku kinamwagia kisanduku gani badala ya kufuata kila safari hadi mwisho, na inaokoa muda mwingi, lakini idadi ya visanduku haipungui.

Halafu kuna umeme. Ukikatika ramani ikiwa nusu, una nusu ya ramani, na mara nyingi ni nusu usiyoihitaji.

Kurusha kokoto

Acha visanduku. Chagua mahali pa kuanzia kwa kubahatisha, mara 1,000, uhesabu ngapi zimeishia kwenye kila jawabu. Zikiishia 640 kwenye dogo na 360 kwenye kubwa, bonde la dogo ni karibu asilimia 64 ya eneo ulilochagua. (Namba hizi ni za mfano tu.) Watafiti Menck, Heitzig, Marwan na Kurths waliitetea njia hii kama mwenza wa vipimo vya Floquet kwenye jarida la Nature Physics mwaka 2013, wakaiita uthabiti wa bonde.

Kinachonifurahisha ni hesabu ya kosa lake. Ukirusha N, na sehemu uliyoipata ni p, kosa la kawaida ni kipeuo cha pili cha p(1 − p)/N. Kwa majaribio 400 halizidi pointi 2.5 za asilimia, kwa 1,000 halizidi 1.6, kwa 10,000 ni 0.5. Tazama ambacho hakimo kwenye fomula hiyo: idadi ya vipimo. Mfumo wa vipimo viwili, sita au ishirini, kokoto ni zile zile 1,000, na kwa kasi yetu ya mfano ni sekunde 100. Umeme ukikatika baada ya kokoto ya 400, una jibu halali lenye kosa kubwa kidogo. Kwa mtu anayefanyia hesabu Kigoma kwenye laptop ya mtumba, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha.

Ina hila zake mbili. Ya kwanza ni majawabu adimu. Jawabu ambalo bonde lake ni sehemu 2 kati ya 1,000 lina nafasi ya karibu asilimia 13.5 ya kutoonekana hata mara moja kwenye kokoto 1,000. Kanuni ya kubeba kichwani: ambacho hukukiona katika majaribio N, kwa uhakika wa asilimia 95 hakizidi 3/N. Kwa 1,000, hakizidi asilimia 0.3. Kwa mashine ya mise hiyo inatosha. Kwa kitu kinachobeba watu, jiulize mara mbili.

Ya pili ndiyo inayowaponza wengi, nami iliwahi kuniponza. Asilimia inategemea kabisa eneo ulilorushia kokoto. Panua eneo, asilimia inabadilika, na mashine haijabadilika hata nati moja. Wakati mmoja nilichukua eneo kubwa “ili niwe salama”, nikajaza humo kasi ambazo fremu isingeweza kuzifikia hata ikidondoshwa kutoka kwenye lori, nikapata asilimia nzuri sana ya jawabu dogo. Ilikuwa namba safi isiyohusu mashine yoyote duniani. Tangu hapo huanza na misukumo halisi: gunia likiegemezwa kwa kishindo, mkanda ukiteleza na kushika, mwasho wa uvivu. Eneo la kokoto linatokana na hiyo.

Nikiwa hapa niitaje haraka njia ya Lyapunov ya kutafuta kitu kama nishati ambacho lazima kipungue kila wakati. Ukikipata, una eneo lenye hakikisho, si makadirio. Lakini kukipata ni kazi ya ufundi wa kipekee, msukumo wa nje ukiwemo kazi inakuwa ngumu zaidi, na eneo unalohakikishiwa mara nyingi ni dogo kuliko bonde lenyewe. Waachie wanaobuni vidhibiti vya umeme.

Teke, na kupandisha na kushusha

Kama mashine ipo, ni kosa kuanza na kompyuta. Pandisha spidi polepole, andika mtetemo unaruka wapi kushuka. Shusha polepole, andika unaruka wapi kupanda. Spidi hizo mbili zikitofautiana, umelipata dirisha la majawabu mawili bila mlinganyo wowote. Kwa mfano wetu ungeruka karibu na 1.5 ukipanda na karibu na 1.25 ukishuka. Sensa iliyomo kwenye simu ya kawaida inatosha kupima. Ifunge kwa mpira, usiishike mkononi.

Kisha, ukiwa ndani ya dirisha, piga fremu kwa nyundo ya raba. Piga kwa nguvu tofauti na nyakati tofauti za mzunguko, mara kumi, ishirini. Hizo ndizo kokoto zako, na tofauti na za kompyuta, zinarushwa kwenye eneo la kweli.

Watu wa reli hufanya hivyo hivyo. Gurudumu la treni lina mwinamo kama koni, na jozi ya magurudumu kwenye ekseli huyumba kushoto na kulia ikijisahihisha. Mhandisi Mjerumani Klingel alitoa fomula ya urefu wa wimbi hilo mwaka 1883, mwaka ule ule wa Floquet. Kwa reli ya mita moja kama ile ya zamani inayotoka Tabora hadi Kigoma, gurudumu la nusu kipenyo cha sentimita 40 na mwinamo wa 1 kwa 20, wimbi ni karibu mita 13. Kwa kilomita 50 kwa saa ni kama myumbo mmoja kila sekunde. Kwenye spidi ndogo myumbo hufifia. Kwenye spidi kubwa unakua mpaka ukingo wa gurudumu unagonga reli. Hesabu ya mtindo wa Floquet hukupa spidi ambapo mwendo mnyoofu unaacha kuwa thabiti. Lakini chini ya spidi hiyo mara nyingi pana ukanda ambapo mwendo mnyoofu na myumbo mkubwa vyote ni thabiti, na kinachoamua ni hitilafu ya reli utakayokutana nayo. Kwa hiyo ili kupata spidi salama, huanza behewa likiwa tayari linayumba kwa nguvu, kisha spidi hushushwa polepole hadi myumbo ukatike. Pale unapokatika ndipo penye namba ya kuamini.

Meli nazo hazikubali kipimo cha ufukweni peke yake. Urefu wa metasenta, unaosema meli inapinga vipi kuinama kidogo, unatakiwa kwa kanuni za kimataifa usipungue mita 0.15, lakini kanuni hizo hizo zinadai pia eneo chini ya mchoro wa mkono wa nguvu inayoirudisha meli wima lisipungue 0.055 za mita-radiani hadi nyuzi 30, na 0.090 hadi nyuzi 40. Eneo hilo ukilizidisha na uzito wa meli ni nishati, yaani ukubwa wa teke ambalo chombo kinaweza kulimeza. Na chini ya maji nako ni hali thabiti sana: meli ya Liemba, iliyoshushwa ziwani hapa Kigoma mwaka 1915 ikiitwa Graf von Goetzen, Wajerumani waliizamisha kwa makusudi 1916, na haikutoka huko yenyewe, iliopolewa 1924.

Ubaya wa teke unaonekana kwa mfano huo huo. Hupigi teke boti yenye abiria.

Kwa hiyo uchukue ipi

| Njia | Swali inalojibu | Kazi, kwa mfumo wa vipimo vinne | Inakoponza |
|---|---|---|---|
| Floquet | Je, msukumo mdogo sana utafifia? | Dakika | Haioni ukubwa wa bonde |
| Ramani | Mgongo uko wapi hasa? | Siku kadhaa | Vipimo vikizidi viwili |
| Kokoto | Nafasi ya kuishia hapa ni ngapi? | Dakika mbili hivi | Eneo likichaguliwa vibaya. Majawabu adimu |
| Teke na spidi | Mashine hii, leo, itafanya nini? | Asubuhi moja | Kinachoweza kuumiza au kuvunjika |

Kama unabuni kitu ambacho bado hakijajengwa, tumia Floquet pamoja na AUTO kutafuta majawabu yote na madirisha yake, kisha kokoto ndani ya kila dirisha. Usiruke hatua ya kwanza, maana kokoto hazikuambii jawabu litatoweka kwenye spidi gani. Kama ni mradi wa chuo wenye mfumo wa vipimo viwili, chora ramani, utajifunza zaidi kwa picha moja kuliko kwa muhula mzima, na ni Python au Octave tu unahitaji, zote za bure. Kama ni chombo cha watu, pima duara la usalama, usiridhike na asilimia: bonde pana ambalo jawabu limekaa pembeni yake ni bonde la hatari. Kama mashine iko mbele yako na kosa lake litamwaga mise tu, anza na teke.

Kwa mzee nilifanya mawili. Siku ya kwanza niliipandisha na kuishusha spidi, nikakuta mirukio miwili kwenye spidi tofauti, na spidi yake ya kazi ilikuwa katikati yake. Jioni nikaweka mfano kwenye laptop nikatafuta dawa. Kuongeza spidi hadi kuvuka dirisha kungezipondaponda mise. Kulegeza raba kungesaidia, lakini mkanda ungeanza kuchezacheza. Iliyobaki ni ile 0.1. Kwenye mlinganyo wetu, ukiifanya 0.2, kilele chote kinarudi nyuma hadi spidi ya karibu 1.22, na pale kwenye 1.3 jawabu kubwa halipo tena. Halijapunguzwa bonde, halipo. Limebaki dogo, la upana wa karibu 0.30.

Tulikata tairi chakavu la lori, tukapanga vipande tabaka juu ya tabaka pembeni ya kila raba, vikisuguana. Nikapandisha, nikashusha, mtetemo haukuruka. Nikaipiga nyundo mara ishirini. Mzee alisimama pembeni muda wote bila kusema neno, kisha akavua ndala moja, akasogea, akaipiga fremu teke kwa kisigino, akatega sikio.

Siku hizi kila asubuhi kabla ya kumimina mise ya kwanza huipiga teke. Kijana wake wa kazi anadhani ni dua.